FUNDI WA KIJIJI: Pima Kwanza, Kisha Nunua Kishikio cha Dirisha

Mwezi huu tutazungumza juu ya kitu kidogo. Kitu hicho ni kishikio cha dirisha. Watu wengine hukiita mkono wa dirisha. Ni kile chuma unachokishika na kukizungusha unapofungua au kufunga dirisha.

Kishikio ni kidogo, lakini kikivunjika dirisha zima halifai. Likiwa wazi, halifungiki. Likiwa limefungwa, halifunguki.

Zamani madirisha mengi ya vijijini yalikuwa ya mbao. Yalifungwa kwa komeo la mbao au kwa ndoano ya waya. Komeo likivunjika, seremala wa kijiji alichonga lingine siku ile ile. Siku hizi mambo yamebadilika. Katika baadhi ya majengo tunaona madirisha yenye fremu za plastiki ngumu. Madirisha hayo yalianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Sasa yamefika hata kwetu.

Madirisha ya plastiki yana faida zake. Hayashiki kutu. Mchwa hawayali. Hayahitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Lakini kishikio chake hakichongwi na seremala. Hununuliwa dukani, na mara nyingi duka hilo liko mjini.

Taabu huanzia hapo. Vishikio vya dukani vinafanana kwa macho, lakini vipimo vyake havilingani. Mtu hupanda basi, akanunua kishikio kinachopendeza, akarudi nacho nyumbani. Akijaribu kukifunga, hakiingii. Fedha imekwisha na nauli imekwisha. Basi huchukua nyundo na misumari, akalipigilia dirisha lisifunguke tena.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo. Tuone kwanza kwa nini.

Dirisha lililopigiliwa misumari ni hatari

Kwanza, msumari huipasua fremu ya plastiki. Fremu hiyo ina uwazi ndani yake. Haishiki msumari kama ubao. Ukiipigilia utaongeza hasara. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kishikio kimoja bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya dirisha zima.

Pili, chumba kisichopitisha hewa huleta magonjwa. Vidudu vya kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Katika chumba kilichofungwa vidudu hivyo hubaki hewani muda mrefu. Hewa safi ikipita, huvipunguza na kuvitoa nje. Kwa sababu hiyo wahudumu wa afya hutuambia tufungue madirisha, hasa katika zahanati na katika chumba anacholala mgonjwa anayekohoa.

Tatu, kuna jiko la mkaa. Wakati wa baridi na mvua watu wengine huliingiza jiko ndani ili wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala hawezi kuitambua. Katika chumba ambacho madirisha yake hayafunguki, sumu hiyo huweza kuwaua watu wote waliomo katika usiku mmoja. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama una dirisha zuri. Lakini chumba chenye dirisha lililopigiliwa misumari ni hatari zaidi.

Na dirisha lisilofungika je? Hilo nalo lina madhara yake. Mvua huingia na kulowesha godoro, vitabu na magunia ya nafaka. Katika zahanati mvua hulowesha dawa. Mwizi naye hupata njia.

Kwa hiyo dirisha lazima lifunguke na lifungike. Kishikio ndicho kinachofanya kazi hiyo.

Je, kimeharibika kishikio au mtambo?

Kabla ya kununua kitu chochote, chunguza kasoro iko wapi. Dirisha lina sehemu nne za kukumbuka:

1. Fremu, ambayo imejengewa ukutani na haitembei.
2. Ubawa, yaani sehemu yenye kioo inayofunguka.
3. Kishikio, ambacho kimefungwa kwenye ubawa kwa upande wa ndani.
4. Mtambo wa kufungia, ambao umefichwa ndani ya ubawa. Madirisha mengine hayana mtambo huu.

Kishikio kikizungushwa, mtambo husukuma ufito wa chuma uliomo pembeni mwa ubawa. Ufito huo una vidole vya chuma. Vidole hivyo huingia mahali pake kwenye fremu, na dirisha hufungika.

Sasa tazama. Kama kishikio kimekatika au kinayumba, huenda ubovu ni wa kishikio peke yake. Kifungue kama tutakavyoeleza hapa chini. Ingiza ndani ya tundu kijiti cha chuma cha kile kishikio cha zamani. Kishike kwa koleo na ukizungushe polepole. Kijiti kikizunguka vizuri na ufito ukatembea, mtambo ni mzima. Nunua kishikio tu.

Kama kijiti kinazunguka bure na ufito hautembei, mtambo umevunjika. Hapo kishikio kipya hakitakusaidia. Itakubidi ubadilishe mtambo, na kwa kazi hiyo mwite fundi wa madirisha.

Kama kijiti ni kigumu kuzunguka, huenda mtambo una vumbi au umekauka. Safisha, tia matone machache ya mafuta ya cherehani, kisha jaribu tena.

Tazama pia bawaba. Bawaba zikilegea, ubawa hushuka na kusugua fremu. Watu hulazimisha kishikio kwa nguvu mpaka kikatike. Ukiweka kishikio kipya bila kukaza bawaba, nacho kitakatika.

Jihadhari na jambo moja. Yako madirisha yanayofunguka kwa namna mbili. Hufunguka kwa ubavu kama mlango, na pia huinamia ndani kwa juu. Dirisha la namna hiyo usizungushe kishikio chake likiwa wazi. Ubawa unaweza kuchomoka kwenye bawaba ya juu na kukuangukia. Lijaribu likiwa limerudishwa kwenye fremu.

Ijue aina ya kishikio chako

Ziko aina tatu unazoweza kuzikuta.

Aina ya kwanza ni kishikio chenye kijiti. Ukikichomoa utaona kijiti cha chuma chenye pande nne kinatokeza nyuma yake. Kijiti hicho ndicho kinachoingia katika mtambo.

Aina ya pili ni kishikio chenye ulimi. Hiki hakina kijiti. Kina ulimi wa chuma unaotokeza mbele na kuibana fremu dirisha linapofungwa. Hakuna mtambo ndani ya ubawa.

Aina ya tatu ni komeo la dirisha la kusukuma. Ubawa wa dirisha hili haufunguki kwa bawaba. Husukumwa pembeni juu ya reli. Komeo lake lina ndoano inayoshika ubawa wa pili.

Usinunue aina moja kwa kutegemea kuigeuza iwe aina nyingine. Haiwezekani.

Namna ya kupima

Chukua rula, kalamu na karatasi. Rula yako ina sentimita na milimita. Kila sentimita 1 ina milimita 10. Vile vistari vidogo vilivyo karibu karibu ndivyo milimita. Kwa kazi hii pima kwa milimita, kwa sababu milimita 2 tu zinatosha kukifanya kishikio kikatae kuingia.

Kama kishikio chako kina kijiti, pima vitu vitatu:

Kwanza, unene wa kijiti. Pima upande mmoja wa ile miraba yake minne. Katika vishikio vingi ni milimita 7.

Pili, urefu wa kijiti. Anzia kwenye kitako cha kishikio, yaani bati lile linalogusa ubawa. Pima mpaka ncha ya kijiti. Pima sehemu inayotokeza tu.

Tatu, nafasi kati ya matundu mawili ya skrubu. Anzia katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini. Katika vishikio vingi ni milimita 43. Hata hivyo usiandike 43 kwa sababu umeisoma hapa. Pima cha kwako.

Kama kishikio chako kina ulimi, pima kimo cha ulimi. Weka kitako cha kishikio juu ya meza. Pima kutoka mezani mpaka upande wa chini wa ulimi. Kisha pima nafasi ya matundu ya skrubu. Halafu tazama upande. Simama ndani ya nyumba na ulitazame dirisha. Bawaba ziko kushoto kwako au kulia kwako? Andika, kwa sababu vishikio vya ulimi vingi vina wa kushoto na wa kulia.

Kama ni komeo la dirisha la kusukuma, pima nafasi ya matundu ya skrubu na kimo cha ndoano.

Sasa andika vipimo vyako hivi:

Kishikio cha kijiti.
Unene wa kijiti: milimita 7.
Urefu wa kijiti: milimita 35.
Nafasi ya matundu: milimita 43.
Bawaba: kushoto.
Idadi ya madirisha: 2.

Hii ni mfano tu. Vipimo vyako vinaweza kuwa tofauti.

Fanya na jambo moja zaidi. Bandika kipande cha karatasi juu ya matundu yaliyo kwenye ubawa. Kikandamize kwa kidole mpaka alama za matundu zionekane. Zizungushie kalamu. Karatasi hiyo ndiyo picha ya dirisha lako. Ipeleke mjini pamoja na kishikio cha zamani, hata kama kimevunjika.

Je, kazi hii ina faida? Tufanye hesabu. Tuseme nauli ya kwenda mjini na kurudi ni shilingi 6,000. Aliyepima huenda mara moja. Hutumia shilingi 6,000. Asiyepima huenda mara mbili. Hutumia shilingi 12,000, tena amepoteza siku mbili za shamba. Rula na kalamu zimemwokolea mwenzake nauli na siku nzima.

Ukifika dukani

Usione haya kupima mbele ya mwenye duka. Fedha ni yako. Weka kishikio kipya juu ya karatasi yako. Matundu yalingane na alama zako. Linganisha kijiti na kile cha zamani.

Kama hupati kijiti chenye urefu ule ule, chagua kirefu kidogo. Kijiti kirefu hukatwa kwa msumeno wa chuma. Kijiti kifupi hakirefushwi. Kikiwa kifupi mno hakitaufikia mtambo vizuri. Kikiwa kirefu mno kitako cha kishikio hakitalala juu ya ubawa.

Kizungushe kishikio mkononi. Kisiyumbe. Kitazame kama kina nyufa. Kipime uzito kwa mkono na ukilinganishe na vingine. Uliza pia kama kinauzwa pamoja na skrubu zake. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, na ziwe na urefu ule ule wa zile za zamani. Skrubu ndefu mno huweza kuuzuia mtambo usitembee.

Viko vishikio vyenye ufunguo. Hivyo vinafaa kwa kuzuia wezi na watoto. Lakini ukivinunua, ufunguo utundikwe karibu na dirisha, mahali ambapo mtu mzima anafikia na mtoto mdogo hafikii. Moto ukitokea usiku, hakuna nafasi ya kutafuta ufunguo.

Namna ya kufunga kishikio chenye kijiti

Utahitaji bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo, kitambaa na mafuta ya cherehani. Nyundo haihitajiki. Iache stoo.

1. Rudisha ubawa kwenye fremu. Weka kishikio kilale, kama vile unataka kufungua. Mwambie mtu mmoja ashike ubawa usitembee.

2. Tafuta skrubu. Mara nyingi zimefichwa chini ya kifuniko kilicho kwenye kitako. Kinyanyue kifuniko kidogo kwa ukucha au bisibisi bapa, kisha kigeuze kwa pembeni. Skrubu mbili zitaonekana, moja juu na nyingine chini.

3. Fungua skrubu zote mbili. Zitie kwenye kikombe zisipotee.

4. Vuta kishikio moja kwa moja kuja kwako. Usikipindishe.

5. Pangusa vumbi kuzunguka tundu. Tia matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani.

6. Shika kishikio kipya. Kiweke kilale, kama kilivyokuwa kile cha zamani. Ingiza kijiti katika tundu. Kiingie kwa mkono. Kikikataa, kichomoe na utazame tena kipimo. Usikigonge.

7. Anza skrubu zote mbili kwa vidole. Kisha zikaze kwa bisibisi, hii kidogo na ile kidogo. Zikishika vizuri, acha. Ukizidisha nguvu, njia ya skrubu itaharibika.

8. Rudisha kifuniko. Zungusha kishikio polepole kifunge. Kisha fungua. Fanya hivyo mara tano. Kizunguke bila kulazimishwa.

Namna ya kufunga kishikio chenye ulimi

Hiki kimefungwa kwa skrubu kwenye ubawa. Fungua skrubu za zamani, weka kishikio kipya juu ya matundu yale yale, kisha kaza skrubu. Funga dirisha utazame ulimi. Uibane fremu, lakini usiikwaruze.

Kama matundu ya zamani yamelegea, tumia skrubu nene kidogo kuliko za kwanza. Ikiwa hapana budi kutoboa tundu jipya, kuwa mwangalifu. Kioo kipo karibu. Zungushia utepe kwenye ncha ya keekee, mahali unapotaka iishie. Utepe ukigusa plastiki, simama. Usitoboe upande wa chini wa fremu. Huko yapo matundu madogo ya kutolea maji ya mvua, nayo yasizibwe.

Kukitunza

Kishikio kipya nacho kitavunjika kisipotunzwa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, fanya haya. Pangusa vumbi kwenye fremu na ubawa. Osha plastiki kwa maji na sabuni. Usitumie petroli wala tina ya rangi, kwa sababu huiharibu plastiki. Tia mafuta ya cherehani kwenye bawaba na kwenye vidole vya chuma. Kaza skrubu zilizolegea.

Usitundike nguo wala mfuko kwenye kishikio. Wakataze watoto kubembea juu ya ubawa. Na dirisha likiwa gumu, tafuta sababu. Usilishindanishe nguvu.

Neno la mwisho ni kwa kamati za zahanati na za shule. Madirisha ya jengo moja mara nyingi ni ya aina moja. Pimeni mara moja tu, kisha andikeni vipimo katika daftari la kamati, pamoja na tarehe. Nunueni kishikio kimoja cha akiba, kiwekwe stoo. Siku kingine kitakapovunjika, mtakibadilisha kwa muda mfupi. Wagonjwa hawataloweshwa na mvua, wala hawatakaa katika hewa nzito kwa wiki nzima wakingoja mtu aende mjini. Na hata kama kamati itakuwa na wajumbe wapya, daftari litawaambia.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja hatari tatu za kulipigilia dirisha misumari.
2. Utajuaje kama ubovu uko kwenye kishikio au kwenye mtambo?
3. Kwa nini ni afadhali kununua kijiti kirefu kuliko kifupi?
4. Kishikio chenye kijiti hupimwa vitu gani vitatu?
5. Tembeleeni zahanati au shule yenu. Hesabuni madirisha yasiyofunguka na yasiyofungika. Ni mangapi? Nani atayapima, na lini?